Ndoa za jinsia moja: nani humchagua mwamuzi?

Tarehe 7 Desemba 2017 wabunge wa Australia walipigia kura muswada wa kuruhusu ndoa za jinsia moja. Tony Burke, mbunge wa Watson, jimbo lililoko kusini magharibi mwa Sydney, aliunga mkono. Wiki tatu kabla ya hapo, karibu asilimia 70 ya watu wa jimbo lake waliorudisha fomu za maoni zilizotumwa na serikali kwa posta walikuwa wamesema hapana. Siku hiyohiyo Tony Abbott, waziri mkuu wa zamani na sauti kubwa ya kambi ya hapana, alitoka ukumbini kabla ya kura kupigwa. Jimbo lake la Warringah, katika jiji hilohilo, lilikuwa limesema ndiyo kwa asilimia 75.

Nani kati ya wawili hawa aliwasaliti waliomtuma? Ukisema ni Burke, kwa kuwa alikwenda kinyume na wengi wa jimboni kwake, basi na Abbott naye hasalimiki. Ukimtetea Burke kwa hoja kwamba nchi nzima kwa jumla ilisema ndiyo, umekubali kuwa wengi wa kuhesabiwa ni wa taifa, si wa jimbo. Ukiwatetea wote wawili kwa sababu kila mmoja alifuata dhamiri yake, umekwisha kusema kwamba maoni ya wengi si amri kwa mbunge. Kila jibu lina mantiki yake, na kila jibu linaleta sheria tofauti.

Makala haya hayaulizi kama ndoa hizo ni halali mbele ya Mungu au zina nafasi katika mila. Msomaji wa Mombasa, Morogoro au Bukavu yumkini ana jibu lake tayari, kutoka msikitini, kanisani au moyoni mwake. Ninachotaka kukifungua hapa ni utaratibu: jambo la namna hii liamuliwe na wabunge, au na maoni ya wengi? Na niseme mapema ninachokiona baada ya kufuatilia nchi kadhaa: swali lenyewe limewekwa vibaya. Katika karibu kila nchi iliyopitia mjadala huu, aliyechagua nani awe mwamuzi alikuwa ameshaamua nusu ya hukumu.

Australia haikulazimika kuuliza

Katiba ya Australia, kifungu cha 51, inalipa Bunge la shirikisho mamlaka ya kutunga sheria za ndoa. Mwaka 2013 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilisema wazi kwamba mamlaka hayo yanagusa pia ndoa za jinsia moja. Bunge lilikuwa na uwezo wote.

Tena lilikwisha kuutumia. Mwaka 2004, chini ya serikali ya John Howard, Bunge liliingiza katika Sheria ya Ndoa maneno kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Hakuna mwananchi aliyepigiwa hodi kuulizwa. Wabunge walikaa, wakajadili, wakapitisha. Miaka 11 baadaye upepo umegeuka, wabunge wa upande wa serikali wamegawanyika, na Abbott akiwa waziri mkuu ndipo alipoleta wazo kwamba safari hii waulizwe wananchi. Seneti ilikataa muswada wa kura hiyo mwaka 2016. Serikali ya Malcolm Turnbull, aliyempokea Abbott, ikapita uchochoroni: iliipa idara ya takwimu, ile inayohesabu watu na kufuatilia bei za bidhaa, kazi ya kusambaza fomu kwa posta. Fomu milioni 12.7 zilirudi, yaani asilimia 79.5 ya walioandikishwa. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 61.6. Gharama ilifika takriban dola milioni 80 za Australia, na kisheria matokeo hayakumfunga mbunge yeyote.

Kwa hiyo zuio liliwekwa na wabunge peke yao, lakini kuliondoa kukahitaji taifa zima lijaze fomu. Sioni kanuni ya demokrasia hapo. Naona wanasiasa waliokuwa na uhakika mwaka 2004 na waliokuwa na hofu mwaka 2015.

California, jambo lilipopigwa danadana

Anayetaka kuona vyombo vyote vikigombania neno la mwisho aitazame California. Mwaka 2000 wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha kwa asilimia 61 sheria iliyosema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Mwaka 2005 bunge la jimbo likapitisha muswada wa kuruhusu ndoa za jinsia moja, na likawa la kwanza Marekani kufanya hivyo bila amri ya mahakama. Gavana Arnold Schwarzenegger akaukataa, akisema lililopitishwa na wananchi halitenguliwi na wabunge. Liachiwe mahakama au wananchi wenyewe. Mwaka 2007 wabunge wakaupitisha tena, naye akaukataa tena.

Mei 2008 mahakama ya juu ya jimbo, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ikafuta zuio lile kwa kuwa lilikwenda kinyume na katiba ya jimbo. Jozi zipatazo 18,000 zikafunga ndoa kabla mwaka haujaisha. Kisha Novemba 4 wapiga kura wakajibu mapigo, asilimia 52 wakiunga mkono Pendekezo la 8, lililorudisha zuio. Siku hiyohiyo, katika jimbo hilohilo, Barack Obama alipata asilimia 61.

Hapa ndipo mtu asiye mwanasheria hupotea njia, kwa hiyo tusimame kidogo. Kura ya mwaka 2000 ilitunga sheria ya kawaida, na sheria ya kawaida iko chini ya katiba, hivyo mahakama iliweza kuipima na kuifuta. Pendekezo la 8 halikutunga sheria. Liliandika zuio ndani ya katiba yenyewe. Mahakama ya jimbo haiwezi kufuta katiba ya jimbo kwa kutumia katiba hiyohiyo. Maudhui ya zuio yalikuwa yaleyale, kilichobadilika ni ngazi, na ngazi ndiyo iliyoamua nani anaweza kuligusa.

Ilibidi kupanda ngazi nyingine tena. Jaji wa shirikisho alilifuta Pendekezo la 8 mwaka 2010 kwa kutumia Katiba ya Marekani. Serikali ya jimbo ikakataa kulitetea, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema wananchi waliolidhamini hawakuwa na haki ya kukata rufaa kwa niaba ya jimbo. Ndoa zikaendelea. Maneno yaliyokufa yakabaki yameandikwa katika katiba ya jimbo hadi mwaka 2024, wapiga kura walipoyaondoa kwa takriban asilimia 63.

Hesabu waliotaka zuio: asilimia 61 mwaka 2000, 52 mwaka 2008, kama 37 mwaka 2024. Hawa si watu walewale. Wengine wamefariki, wengine hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wadogo, wengine wamebadili mawazo. Anayesema wananchi wa California wameamua ana wajibu wa kutaja mwaka.

Na angalia tabia ya pande zote mbili. Wapinzani wa ndoa hizo walikuwa wapenzi wa kura ya wananchi wakati ikiwapa ushindi. Watetezi wake walililia mahakama, kisha namba zilipowageukia wakawa wao wanaopeleka pendekezo kwa wananchi. Sikuona upande uliong'ang'ania chombo kimoja hata kilipoushinda.

Hoja ya jaji mkuu, na jibu lake

Juni 26, 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamuru ndoa za jinsia moja zitambuliwe katika majimbo yote 50. Jaji Mkuu John Roberts alikuwa upande wa wachache, na hoja yake inastahili kusikilizwa hata na asiyekubaliana naye. Hakusema ndoa hizo ni mbaya. Alisema watetezi wake walikuwa tayari wanashinda kwa hoja, jimbo baada ya jimbo, na kwamba mahakama ilipoingilia iliwanyang'anya ushindi wa kuwashawishi wenzao. Jambo likiamuliwa na mawakili watano (alivyowaita wenzake kwa kejeli), aliyeshindwa huona ameporwa, si kwamba ameshindwa.

Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu ya wengi, alijibu kwa kifupi kwamba mtu ambaye haki yake inavunjwa hana lazima ya kusubiri hadi bunge lichangamke. Haki za msingi ziliwekwa katika katiba makusudi ili zisitegemee nani kashinda uchaguzi.

Ukiyaweka majibu hayo mawili sawia, unagundua kwamba mzozo wao hauhusu wengi dhidi ya wachache. Unahusu iwapo jambo lililo mezani ni haki au ni sera. Kiwango cha kodi ni sera. Kila mtu anakubali wengi waamue. Kuabudu dini yako ni haki. Hakuna Mwislamu wa nchi yenye Wakristo wengi, wala Mkristo wa nchi yenye Waislamu wengi, atakayekubali ipigiwe kura. Ndoa ya jinsia moja iko kapu gani? Hilo ndilo linalobishaniwa, na kwa bahati mbaya hakuna mwamuzi asiye na upande wa kulijibu. Hata majaji hupiga kura: watano kwa wanne ni wengi pia, ila ni wengi wa watu tisa.

Wanaopenda kusema mahakama imalize wakumbuke pia Iowa. Mwaka 2009 majaji wote wa mahakama ya juu ya jimbo hilo, kwa kauli moja, waliruhusu ndoa hizo. Mwaka uliofuata majaji watatu kati yao walifikiwa na zamu ya kupigiwa kura ya kubaki kazini. Wapiga kura wakawaondoa wote watatu.

Ireland walivyofanya

Ireland ndiyo mfano unaopendwa na watetezi wa kura ya wananchi, na wana sababu. Katiba ya 1937 ya nchi hiyo haibadilishwi hata neno moja bila kura ya maoni. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika kesi ya wanawake wawili waliofunga ndoa Kanada, ilisema ndoa inayotajwa katika Katiba ni ya mwanamume na mwanamke. Baada ya hapo wanasiasa wengi waliona njia salama ni moja tu.

Hawakukimbilia sanduku la kura. Kwanza kiliundwa kikao cha watu 100 kuhusu Katiba: mwenyekiti, wanasiasa 33, na raia wa kawaida 66 waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Walikutana mwishoni mwa wiki, wakasikiliza wataalamu na pande zote, wakauliza maswali. Aprili 2013 asilimia 79 yao walipendekeza Katiba ibadilishwe. Ndipo Serikali na Bunge wakaandika sentensi moja fupi, kwamba watu wawili wanaweza kufunga ndoa kwa mujibu wa sheria bila kujali jinsia zao. Tume huru ikapewa kazi ya kuwaeleza wananchi swali lina maana gani. Tena tangu hukumu ya mwaka 1995, Serikali ya Ireland hairuhusiwi kutumia fedha za umma kupigia debe upande mmoja wa kura ya maoni. Mei 22, 2015 asilimia 62 walisema ndiyo, na waliojitokeza walikuwa asilimia 60. Kati ya majimbo 43 ya uchaguzi ni moja tu, Roscommon na Leitrim Kusini, lililosema hapana.

Waliopoteza walikubali siku ya kuhesabu kura. Hapo Roberts angesema: mnaona? Uhalali wa namna hiyo haupatikani kwa hukumu.

Wala wananchi wa Ireland si watu wa kuburuzwa na wakubwa. Machi 8, 2024 Serikali ilileta mabadiliko mawili ya Katiba kuhusu familia na malezi, yakiungwa mkono na vyama karibu vyote vikubwa. Lile la familia, lililotaka familia itambuliwe hata nje ya ndoa, lilikataliwa kwa asilimia 67.7. La malezi likaanguka vibaya zaidi. Kuhusu talaka walikuwa wamesema hapana mwaka 1986 kwa asilimia 63, kisha mwaka 1995 wakasema ndiyo kwa tofauti ya kura elfu tisa hivi katika kura zaidi ya milioni moja na nusu.

Kuna gharama ambayo takwimu hizi hazionyeshi. Katika kampeni ya 2015 watu waliotaka kuoana walitembea nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani kura. Kwetu kijana hupeleka posa kwa wazazi wa binti. Hawa walipeleka posa kwa taifa zima, na kila mwenye kadi ya kura alikuwa na haki ya kuirudisha. Unaweza kuunga mkono kura ya maoni na bado ukakiri kwamba hakuna wachumba wengine waliotakiwa kufanya hivyo.

Swali limeandikwaje, na nani hakujitokeza

Neno wengi linasikika kama kitu kizima kisichogawanyika. Slovenia inaonyesha lilivyo na matundu. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuruhusu ndoa hizo mwaka 2015, wapinzani wakakusanya saini, na Desemba ya mwaka huo asilimia 63.5 ya waliopiga kura wakaikataa. Lakini waliojitokeza walikuwa asilimia 36 tu. Ukipiga hesabu, walioikataa sheria hawakufika hata robo ya wapiga kura wote. Hata hivyo ilitosha, kwa sababu marekebisho ya Katiba ya 2013 yanataka walioikataa sheria wafike walau moja ya tano ya wapiga kura wote.

Marekebisho yaleyale ya 2013 yana sharti lingine: sheria inayoondoa uvunjaji wa haki za binadamu haipigiwi kura ya maoni. Bunge lilijaribu kulitumia sharti hilo kuizuia kura ya 2015. Mahakama ya Katiba ikakataa, maana wakati huo ilikuwa bado haijatamka kwamba haki yoyote imevunjwa. Julai 2022 mahakama hiyo, majaji sita kwa watatu, ikatamka kuwa zuio la ndoa ni ubaguzi na kulipa Bunge miezi sita. Oktoba Bunge likabadilisha sheria, na mara hii njia ya kura ya maoni ilikuwa imezibwa na Katiba yenyewe. Wananchi wale, mahakama ile, kifungu kile. Kilichobadilika ni nani alitangulia kusema.

Romania, mwaka 2018, ilitaka kuandika katika Katiba kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura waliunga mkono. Kura ikabatilika, kwa sababu ingawa vituo viliachwa wazi siku mbili nzima, waliofika walikuwa asilimia 21 na kiwango kilichotakiwa ni 30. Wapinzani wa pendekezo walihamasishana wabaki nyumbani, na kubaki nyumbani kukawa ndiyo kura yao.

Taiwan ndiyo inayonifurahisha kwa ustadi. Mei 2017 majaji wa katiba walilipa Bunge miaka miwili liweke utaratibu wa ndoa za jinsia moja. Novemba 2018 wapinzani wakaleta maswali yao kwenye kura ya maoni: asilimia 72 wakakubali kwamba ndoa ndani ya Kanuni ya Madai, yaani sheria kuu ya mambo ya kiraia, ibaki ya mwanamume na mwanamke, na asilimia 61 wakakubali kwamba haki za wanaoishi pamoja wa jinsia moja zilindwe kwa njia nyingine. Bunge sasa lina amri ya mahakama mkono huu, na amri ya wapiga kura mkono ule. Lilifanya nini? Liliiacha Kanuni ya Madai kama ilivyo, likatunga sheria ya pekee iliyopewa jina kwa namba ya uamuzi wa mahakama, 748, bila hata kutaja ndoa katika jina lake, na ndani yake likaruhusu watu hao wasajili ndoa. Ilipita Mei 17, 2019, wiki moja kabla ya muda kwisha. Walioandika swali walidhani wameziba kila tundu.

Wengi wanapokuwa nyuma ya wakati, au mbele yake

Mtanzania hahitaji kwenda Ulaya kupata mfano wa wengi kutofuatwa. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikawaulize wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu wanane kati ya kumi waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka kirekebishwe. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 nchi ikaingia huko. Leo mtu akisema wale asilimia 20 walipaswa kupuuzwa atashangaza hata wanachama wa chama tawala.

Uswisi ina kisa kinachofanana. Wanaume wa nchi hiyo walikataa mwaka 1959, kwa asilimia 67, wanawake wapige kura za taifa. Wakakubali mwaka 1971. Katika jimbo dogo la Appenzell Innerrhoden waliendelea kukataa katika kura za jimbo hadi mwaka 1990, mahakama ya shirikisho ilipowalazimisha. Kasoro ya kura zile haikuwa kwamba wengi walikosea. Ni kwamba waliohusika hawakuwamo miongoni mwa walioulizwa.

Na Marekani, Mahakama ya Juu ilipofuta mwaka 1967 sheria zilizozuia weupe na weusi kuoana, maoni ya wengi hayakuwa nayo. Mwaka mmoja baadaye kampuni ya Gallup iliuliza: Wamarekani wawili tu kati ya kumi ndio waliozikubali ndoa hizo. Alabama iliyaacha maneno ya zuio katika katiba yake hadi mwaka 2000, na hata hapo kama asilimia 40 walipiga kura yabaki.

Mifano hii hutumiwa kuonyesha kwamba wengi hawaaminiki. Mimi siendi mbali hivyo. Tunaikumbuka hukumu ya 1967 kwa sababu historia iliikubali. Mahakama hiyohiyo, mwaka 1857, ilitamka kuwa mtu mweusi hawezi kuwa raia, na ilibidi vita na mabadiliko ya Katiba ili kuirekebisha hukumu hiyo. Joho halimpi mtu hekima, kama sanduku la kura lisivyompa.

Kwetu jibu limeshaandikwa, kila nchi kivyake

Afrika Mashariki swali hili linaonekana la mbali kwa sababu wabunge na wapiga kura wako upande mmoja. Pasipo na mvutano hakuna anayeuliza neno la mwisho ni la nani. Lakini ukifungua vitabu vya sheria unakuta majirani hawa waliweka ufunguo mahali tofauti.

Tanzania Bara ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kifungu chake cha 9 kinasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo mwaka 1969 ili watu watoe maoni, kisha Bunge likatunga. Ni sheria ya kawaida. Wingi wa kawaida bungeni unatosha kuigusa.

Uganda iliweka katazo katika Katiba, Ibara ya 31, mwaka 2005, na waliofanya hivyo ni wabunge, katika marekebisho yaleyale yaliyoondoa ukomo wa mihula ya urais. Mwaka huohuo Waganda waliitwa kwenye kura ya maoni, lakini swali lilikuwa kurudi kwa vyama vingi. Kuhusu ndoa hawakuulizwa. Congo nayo, Ibara ya 40 ya Katiba ya 2006 inasema mtu ana haki ya kuoana na amtakaye wa jinsia tofauti na yake, na Katiba hiyo ilipita kwa kura ya maoni ya Desemba 2005.

Kenya ndiyo ya kufikirisha zaidi. Ibara ya 45(2) inampa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, na imo katika Katiba iliyopitishwa na wananchi Agosti 4, 2010 kwa asilimia 67. Mtu anaweza kusema basi, wengi waliamua. Lakini kura ile ilikuwa ya ndiyo au hapana kwa waraka wa ibara 264, na vumbi la kampeni lilikuwa juu ya mahakama za kadhi, utoaji mimba na ardhi. Maaskofu wengi walipiga kampeni ya hapana dhidi ya katiba iliyobeba ibara hiyo ya ndoa. Hata hivyo ina uzito kamili wa kisheria: Mei 2019 Mahakama Kuu iliitaja ilipokataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Na kwa kuwa imo katika Sura ya Haki, Ibara ya 255 inataka ibadilishwe kwa kura ya maoni tu, tena yenye walau asilimia 20 ya wapiga kura walioandikishwa katika nusu ya kaunti 47.

Mvutano wenyewe wa mahakama, Bunge na maoni ya watu tunao, ila umevaa nguo nyingine. Sheria ya 1971 ya Tanzania inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi, wakati mvulana hadi afike 18. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alifungua kesi, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mahakama ya Rufani ikakazia mwaka 2019. Mwaka ukapita bila marekebisho, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba jamii ina mitazamo tofauti, maoni ya wananchi na ya viongozi wa dini yakusanywe kwanza.

Umri wa kupiga kura Tanzania ni miaka 18. Binti anayehusika na sheria hiyo, mwenye miaka 15, 16 au 17, hayumo kwenye daftari la wapiga kura, wala mbunge hamhitaji ili arudi bungeni.